Majina ya Wakwe Chini ya Ukurasa

Ukifiwa Bukavu zamani kidogo, kabla kila mtu hajawa na simu yake ya kutangazia misiba, huenda komunike yako, tangazo la msiba lenye majina ya familia zote, iliandikwa na Séraphine. Alikuwa na meza katika sekretaria moja ya Nyawera, duka la kuchapia karatasi, kompyuta moja, mashine ya kopi iliyokuwa inakohoa, na foleni ya watu wenye macho mekundu. Kazi yake ilikuwa kupanga majina. Wanaanza ndugu wa marehemu, wanafuata wakwe, halafu majirani, halafu kwaya, na ole wako usahau familia moja. Séraphine aliwahi kumwona mzee mzima anaingia matangani na karatasi mkononi, anauliza mbele ya jeneza, "Sisi tuliwafanya nini?" Kwa hiyo yeye hakusahau mtu. Alimuuliza mfiwa mpaka mfiwa anachoka: "Na upande wa mama? Na wale wa Miti? Na ule mukwe wenu wa Mwenga, munamuacha?" Watu walimpenda kwa hilo, na tusifichane, hata yeye alijipenda kwa hilo.

Halafu ukafika msiba wake mwenyewe. Lucien, mume wake, alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akamwacha katika nyumba ya vyumba sita kwenye mteremko wa Ibanda, karibu kabisa na hospitali. Mungu hakuwapa mtoto. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa Lucien, na unajua mjane asiye na mtoto anavyotazamwa kwenye kiwanja cha ukoo. Anatazamwa kama mgeni aliyekawia kuaga.

Baraza la familia lilikaa uani baada ya matanga. Aliyesema ni Gaston, kaka mkubwa wa Lucien, mwenye depo ya mabati na simenti kule Kadutu. Gaston si mtu mbaya. Nasema mapema, maana mbele huko utataka kumtukana.

"Shemeji," alisema, "nyumba ya mudogo wangu haiwezi kulala vile. Iko organisation moja inaitafuta, iko tayari kupanga nyumba nzima. Sisi tunakupa mpaka kiangazi. Kama nyumba inaishi, utabaki ndani. Kama inalala, tutaipangisha, na wewe tutakutafutia chumba ku Miti."

Séraphine akasema ndiyo, angesema nini? Lakini mawe ya nyumba ile, walipoijenga, alikuwa ameyapokea mkononi mwa Lucien moja moja. Kuhamia Miti, kijijini nje ya mji, kwa watu asiowajua, kwake ilikuwa ni kumzika Lucien mara ya pili.

Akatafuta njia, akaipata mbele ya mlango wake. Pale kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na garde-malade, mama au dada au shangazi wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza kitandani. Hao garde-malade walikuwa wanalala kwenye veranda za hospitali, juu ya vitenge, mvua ikiwapiga miguu. Séraphine akatandika vitanda vyumba vitano, yeye akabaki katika cha sita. Akaweka mbabula mbili uani, majiko ya makaa ya kupikia, kamba ya kuanikia nguo, na pipa la maji. Nyumba akaiita Nyumba ya Papa Lucien.

Wakaja wachache. Ugumu ulikuwa huu: mama anayetoka Shabunda na mgonjwa mgongoni hatafuti chumba kwenye simu. Anayetafuta ni mtoto wake aliye mbali, Kinshasa, Lubumbashi, hata Ubelgiji, anayetaka mama yake asilale nje. Na huyo mtoto akiandika kwenye simu yake kwamba anatafuta chumba karibu na hospitali Bukavu, ni lazima jina la Séraphine litokee, tena juu, maana nani ana subira ya kushuka mpaka chini?

Hapo akaingia Héritier, mpwa wa Lucien, fundi wa tovuti wa ukoo mzima. Ukoo ule, ukitaka kujua, ulikuwa umepatwa na homa ya tovuti. Gaston alikuwa na ya mabati. Shangazi alikuwa na ya kukodisha magauni ya harusi. Binamu mmoja majeneza, mwingine mbuzi wa Kabare, mwingine mahubiri. Zote alizitengeneza Héritier na zote zilifanana: juu picha ya ziwa, katikati maneno, chini namba ya simu. Séraphine naye akatengenezewa ya kwake.

"Lakini tantine," Héritier alimwambia, "site peke yake haitoshi. Inafaa ba-site zingine zikutaje. Mutu anabofya jina yako kule, anafika kwako. Hizo njo liens. Ukikuwa na liens mingi, Google inakupandisha."

"Yaani banitaje tu?"

"Bakutaje tu."

Séraphine akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kutaja watu! Kazi aliyoifanya nusu ya maisha yake, leo ndiyo ya kumwokoa! Alifunga sambaza, dagaa wa ziwa, kwenye majani, akazunguka mji mzima kwa wakwe. Kwa kila mmoja aliketi, akanywa alichopewa, akaomba: nitaje kwenye tovuti yako, na mimi nitakutaja kwenye yangu. Nani angemkatalia? Kutajana ni heshima. Jioni alipanga majina kama alivyojua, wakubwa kwanza, bila kuruka mtu. Chini ya kila ukurasa wa tovuti yake pakaandikwa: *Nyumba ya Papa Lucien, pamoja na familia na nyumba zifuatazo*, halafu mstari mrefu wa majina, na la kwanza lilikuwa la Gaston na mabati yake. Gaston aliwaita wafanyakazi wake waje kuona kwenye simu. "Munaona? Mimi njo wa kwanza," aliwaambia, na siku ile alikuwa na furaha ya kweli.

Basi Séraphine akangoja simu zilie. Zililia, ndiyo. Mtu mmoja aliuliza bei ya bati la mgongo mkubwa. Mwingine aliuliza kama mbuzi wanapelekwa mpaka nyumbani. Mama mmoja alitaka gauni jeupe la kukodi kwa Jumamosi na alikasirika kabisa kuambiwa kwamba hapa ni vitanda. Wa vitanda hakupiga hata mmoja. Na kila Séraphine alipojitafuta kwenye simu, alijikuta mbali zaidi kuliko wiki iliyopita, mpaka akaacha kujitafuta kwa sababu ilikuwa inamharibia chakula.

Wakati wa mvua nyingi akafika mgeni anayeitwa Ornella. Baba yake, mlimaji wa mpunga wa Luberizi, alikuwa amevunjika mguu, na yeye alikuwa ametoka Lubumbashi kuja kumtunza. Kule Lubumbashi kazi yake ilikuwa kuzifanya tovuti za hoteli zionekane. Siku ya pili, wakiwa wanachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja karibu na mbabula, alisema:

"Maman Séraphine, hapa nilifika kwa kuuliza sentinelle wa geti ya hospitali. Ku simu nilitafuta mpaka nikachoka, sikukuona. Juu ya nini?"

"Uliza Google, mwanangu. Mimi batu bote bananitaja."

Ornella akafuta mikono, akatoa simu, akasoma. Akashuka mpaka chini ya ukurasa.

"Maman, hawa bote ni nani?"

"Ni wakwe yangu."

"Wewe unabataja, na bao banakutaja?"

"Bote. Sikusahau ata mumoja," Séraphine alisema, na shingo ilinyooka.

"Mungu wangu," alisema Ornella, akacheka, kisha akamshika mkono ili asiumie. "Sikia, maman. Uko na kesi ku tribunal. Unaleta mashahidi. Juge anauliza wa kwanza, wewe ni nani yake? Mukwe. Wa pili? Mukwe. Wa tatu? Mukwe. Na bote bamevaa shati moja, juu fundi wao ni mumoja. Juge atawaza nini?"

"Atawaza tumepatana."

"Njo vile. Mabati inataja vitanda, vitanda inataja mbuzi, mbuzi inataja jeneza. Google inasema, hawa batu banajipandisha benyewe kwa benyewe. Inabarudisha nyuma bote."

Séraphine alitazama sombe yake. Aliona aibu, halafu akaona hasira. Ni mashine gani hii isiyojua ukoo ni nini? Lakini hasira haikujaza vitanda, kwa hiyo aliuliza, "Nifanye nini sasa?"

Ornella akamweleza polepole. Majina yatoke. Na wale wengine nao watoe lake, ingawa hilo, alisema, karibu haliwezekani, maana utamwambiaje mtu mzima aache kukutaja? Halafu aandike kwenye tovuti kitu ambacho mtu asiye ndugu yake atakihitaji, kitu cha kumfaa hata asiyelala kwake. Akishakuwa nacho, awapelekee watu ambao wao wenyewe wanapokea wagonjwa na wasafiri. "Mumoja tu wa vile, mwenye anakutaja juu batu yake banahitaji fasi ya kulala, anapita hawa wakwe bote."

Rahisi kusema. Jina la kwanza la kufutwa lilikuwa la Gaston, na Gaston ndiye aliyeshika nyumba mkononi. Asipolifuta, nyumba italala na atahamia Miti. Akilifuta, anamtukana mwamuzi wake mwenyewe. Siku kadhaa Séraphine alizunguka na jambo hilo, akitia chumvi mara mbili, akisahau nguo kwenye mvua. Mwishowe alisema moyoni kwamba mtu mzima hafutwi kwa siri. Akavaa kitenge kizuri akapanda Kadutu.

Gaston alimpokea vizuri, akampa kiti kati ya mifuko ya simenti. Nje vijana walikuwa wanapakua mabati, kelele tupu. Séraphine akaeleza kila kitu kama Ornella alivyomweleza, mpaka mashahidi na juge. Aliongeza, "Papa Gaston, hii si mambo ya heshima. Heshima yako iko palepale."

"Kwa hiyo mashine imekuambia ukatae ukoo."

"Sijakataa mutu, shemeji."

"Lucien angekuwa hai, ungenitoa?"

Séraphine alikunja pindo la kitenge chake kizuri.

"Toa," Gaston alisema, akasimama. "Nyumba unakaa ndani, toa. Lakini ujue, mimi pia najua kutoa."

Séraphine alirudi kwa miguu, ingawa ni mbali, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria. Alipofika alifungua tovuti na kuanza kufuta. Alianzia chini, kwa mahubiri, akapanda kwa mbuzi, kwa majeneza, kwa magauni. Alipofika kwa Gaston alisema kwa sauti, peke yake sebuleni, "Pardon, Papa Gaston," halafu akalifuta.

Gaston naye hakuchelewa. Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia aliandika kwamba tangu leo nyumba ile isitajwe popote na mtu wa ukoo. Alimwita Héritier depo, akasimama nyuma ya kiti chake kama polisi, na Héritier wa watu akafungua tovuti za ukoo moja baada ya nyingine akitoa jina la tantine wake. Mabati, magauni, mbuzi, majeneza, yote yakatakaswa. Na haikuishia hapo. Ilipofika misa ya kumkumbuka Lucien, komunike ilisomwa redioni, familia zote zikatajwa kwa mpangilio mzuri, hata watu waliokuwa hawajaongea na Lucien maisha yote. Mjane hakutajwa.

Séraphine alisikia komunike ile akiwa anapepeta mchele. Aliketi chini. Mtu mwingine angeweza kudhani wamesahau, lakini yeye aliijua kazi ile vizuri mno. Siku ya misa alikwenda hata hivyo, akakaa benchi la nyuma na kitambaa cheusi, akamwombea mume wake, akatoka kabla ya baraka ili asiwalazimishe watu kuchagua kumsalimia au kutomsalimia.

Alipompigia Ornella, aliyekuwa amekwisha kurudi Lubumbashi na baba yake aliyepona, alimsimulia yote kwa uchungu. Upande wa pili kikatokea kicheko.

"Maman! Bote bamekutoa? Ata wa mahubiri?"

"Unacheka nini, Ornella? Mimi nimekufa."

"Pardon, maman, pardon. Lakini hii njo kitu nilikuambia haiwezekani! Ningekuwa nimelipwa kuifanya nisingeiweza. Huyo shemeji yako amesafisha njia yote, kwa siku moja."

Séraphine alifahamu, lakini hakucheka. Dawa ilikuwa ni dawa, sawa, ila ilipitia kwenye kidonda.

Basi akabakiwa na kazi. Aliandika ukurasa mmoja mrefu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha pale pale, juu ya mambo ambayo garde-malade anapaswa kujua kabla ya kufika Bukavu. Leta sufuria yako na sahani yako. Leta shuka mbili, moja iko kwenye mwili, moja iko kwenye kamba. Usinunue makala ya mbabula getini, bei ni ya wizi, teremka kidogo. Weka karibu karatasi ya kituo cha afya kilichokutuma, ndiyo itakayoulizwa kwanza. Usione haya kuuliza daktari mara ya pili. Alieleza moto zinasimama wapi, mlango upi unafunguliwa asubuhi, mahali gani mama anaweza kuoga bila kutazamwa. Yote hayo aliyapata kwa wageni wake, akiwauliza kama alivyozoea kuwauliza wafiwa, mpaka wanachoka. Jina la nyumba yake aliliweka mwishoni tu, mstari mmoja.

Kisha akatoka kutafuta watu wasiokuwa ndugu zake. Ornella alimpa mwanzo: chama cha walimaji wa mpunga wa Luberizi kilikuwa na tovuti, na wanachama wake wakiugua vibaya wanapandishwa Bukavu. Séraphine alipanda gari akashuka bondeni, joto lile, akamwonyesha sekretere wao ukurasa. Hakusema nitajeni. Alisema, "Papa, hii inaweza kusaidia batu yenu?" Sekretere akasoma mpaka mwisho, akasema mke wa kaka yake alinyang'anywa pesa ya makala getini kweli kweli, akauweka kwenye tovuti yao siku ileile. Parokia moja ikauweka karibu na saa za misa. Agence ya magari ya kwenda Mwenga ikauweka, halafu ikautoa, halafu abiria wakauulizia, ikaurudisha. Manesi wa Congo walioko ng'ambo, ambao Séraphine hakuwahi kuwasikia, waliuweka wenyewe bila kuombwa. Wengine walimfukuza, kuna padri mmoja hakumwachia hata amalize salamu, na mwenye gazeti moja la mtandaoni alitaka alipwe kwanza, Séraphine akamwambia abaki salama.

Jina la nyumba lilipanda taratibu. Kwanza simu moja kutoka Kinshasa, mtu anamtafutia mama yake. Halafu mbili siku moja. Halafu Séraphine akaanza kuamka na kukuta mbabula zote mbili zina wenyewe, mama wa Shabunda anasonga bugali, mama wa Uvira anakaanga sambaza, wanabishana kuhusu chumvi, na kamba imejaa shuka. Usiku alisikia watu wakikoroma vyumba vyote vitano, akalala usingizi mzuri. Lakini wakwe walipita barabarani bila kugeuza shingo, na kiangazi kilikuwa kinakaribia, na hakujua kama Gaston atahesabu shuka au atahesabu kosa.

Wiki ya mwisho kabla ya kiangazi ikapigwa simu kutoka Lubumbashi. Mwanamke anayeitwa Christine alikuwa ameona ukurasa kwenye tovuti ya wale manesi, akataka chumba kwa ajili ya mama yake anayetoka Mwenga kupasuliwa jicho. Séraphine akaandika jina: Consolate. Siku mbili baadaye akashuka bikizee mwembamba kwenye moto, jicho moja limefunikwa, mkono mmoja kwenye bega la mwanamke aliyekuja naye. Mwanamke yule alikuwa Françoise, mke wa Gaston.

Wakatazamana.

"Ni mama yangu," Françoise alisema kwa sauti ndogo. "Christine ni mudogo wangu. Alitafuta ku simu, ikatoka fasi moja tu nzuri karibu na hospitali, akapanga, akalipa, mimi ananiambia nyuma. Kwangu hawezi kulala. Unajua."

Séraphine alijua. Kwa watu wale mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hawezi hata kuomba maji ya kuoga pale, ni aibu kwa wote wawili. Hata mgonjwa anatafutiwa mahali pengine.

"Na Papa Gaston?"

"Anajua mama ako Bukavu. Hajui ni wapi. Alitukataza tusikanyage hapa, Séra, nitamwambia nini?"

"Usiseme kitu. Ingiza mama, chumba iko tayari." Akamshika bikizee mkono mwingine, wakampandisha pamoja.

Jumapili ya baraza la kuamua nyumba wakaja: Gaston, wazee wawili wa ukoo, Françoise nyuma yao, na mtu mmoja mwenye mkoba aliyetumwa na ile organisation kuja kupima vyumba. Séraphine alitaka kuwaketisha ndani, lakini sebule ilikuwa na godoro la mama mmoja aliyepokelewa usiku. Wakaketi uani. Mwenye mkoba akaomba kuona vyumba, akaambiwa avumilie, kwenye hiki wanamwogesha mtoto, kwenye hiki mtu anasali. Mama wa Uvira akamwomba mzee mmoja asogeze kiti kidogo, amekaa mbele ya mbabula.

Gaston aliona yote hayo. Hakuwa kipofu. Lakini alikuwa amekuja na hotuba, na mtu aliyekuja na hotuba ni lazima aitoe.

"Nyumba inaishi, tunaona," alisema. "Sikatae. Lakini inaishi kwa batu gani? Mutu wa ukoo hakanyagi hapa. Jina ya ukoo imefutwa hapa. Mimi nauliza wazee: hii bado ni nyumba ya Lucien, ao imekuwa hoteli ya mwanamuke mumoja? Kwa mawazo yangu, shemeji…"

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Mama Consolate akatoka, bandeji nyeupe juu ya jicho, mkono ukipapasa ukuta, akifuata sauti aliyoitambua.

Gaston akaruka kutoka kwenye kiti. Kofia ikavuliwa. Kichwa kikainama, mikono mbele, mtu mzima wa depo nzima ya mabati amesimama kama mwanafunzi, na wazee wote wawili wakasimama naye. Alimtazama mke wake kwa pembeni, na Françoise akaangalia ardhi.

"Ni mukwe wangu huyo nasikia?" alisema bikizee.

"Ni mimi, mama," Gaston alisema. Sauti ilikuwa imetoka mahali pengine kabisa.

"Basi nikushukuru mbele ya batu. Nilikuwa naogopa. Nilisema, naenda mu muji mukubwa, na jicho moja, kwa mukwe siwezi kulala, nitalala ku veranda. Na wewe ukanitafutia fasi karibu na hospitali, fasi ya ndugu yako. Hapa bananichemshia maji. Bananishika mukono usiku nikitaka kutoka. Mungu akubariki, mwanangu. Nikirudi Mwenga nitabaambia bote, mukwe wangu ako na moyo."

Séraphine mwenyewe alikuwa hajui kwamba bikizee anaamini hivyo, huenda Françoise alimwambia hivyo kumtuliza. Angeweza kusema neno moja tu pale, na Gaston angeumbuka mbele ya mama mkwe wake, na baada ya komunike ile ya redioni, nani angemlaumu? Neno lilimfika mdomoni, sitakudanganya. Alimtazama shemeji yake, jasho likimtoka kwenye paji la uso, kofia ikizunguka mikononi, akaona ni sura ya Lucien ileile, Lucien akiwa na aibu. Akafunga mdomo.

Gaston angeweza kupokea shukrani ile akanyamaza, hakuna ambaye angemuuliza.

"Si mimi, mama," alisema mwishowe. "Mimi sikufanya kitu. Nyumba ni ya mudogo wangu Lucien. Na mwenye amekupokea ni bibi yake." Akainua kichwa ili wazee wasikie, na yule mwenye mkoba pia. "Anaitwa Séraphine. Ni wa kwetu."